Kimya cha Ubeti wa Pili

Kila Jumanne naja na ufunguo na kisanduku cha bati,
nafungua tumbo la mashine, nasoma hesabu.
Ndani kuna kigurudumu kidogo kisichojua kusema uongo:
wimbo huu umechezwa mara mbili, toa.
Huu mara kumi na tisa, acha wiki moja.
Huu wa Corby Landis, "Nisubiri Kona ya Pili",
mia mbili na kumi na mbili,
na santuri imeanza kupauka kama kiwiko cha koti.

Hamsini na sita, Toledo, Ohio.
Theluji ya Machi imegeuka uji mweusi mlangoni,
wanaume wa kiwanda cha vioo wanakula mayai bila kuvua kofia,
na senti tano zao zinadondoka, zinadondoka.
Mimi sichagui nyimbo. Bosi hunipa orodha mbili,
ya upande huu wa reli na ya upande ule,
nami nazibeba katika gari moja,
zimelaliana kwenye kreti bila kugombana.

Verlene Pettway alitoka jikoni akijifuta mikono,
povu bado limemganda viwikoni.
"Gruszka," akasema, "una masikio, au una funguo tu?
Sikiliza ubeti wa pili. Hapo, baada ya 'mvua'.
Umesikia anavyonyamaza?"

Nilisikia. Nani asiyesikia?
Ndipo wasichana wanapofumba macho.
Gazeti moja liliandika: kimya cha moyo uliopasuka.
Kijana wa miaka ishirini, kajifunzia wapi kuumia hivyo?

"Kwangu," akasema Verlene.
"Hamsini na tatu, Cincinnati, chumba nyuma ya duka la matairi,
maikrofoni moja, blanketi ukutani,
dola arobaini, na karatasi niliyoitia sahihi nimesimama.
Lonzo wangu alikuwa na miaka minne, sikuwa na wa kumwachia,
nikamkalisha chini ya piano na biskuti.
Nilipofika kwenye 'mvua' nikamwona anavuta pumzi akohoe.
Nikangoja.
Akameza.
Nikaendelea.
Fundi akasema yatosha, mkanda ni ghali."

Santuri yake iliuzwa mia tatu, labda mia nne,
nyingi kutoka buti la gari la mpiga besi.
Kisha wakaja watu wa tai, wakanunua moja tu,
wakampa kijana: hivi hivi, usiongeze, usipunguze.
Naye, mwanafunzi mwema,
akanakili hata kikohozi ambacho hakikutokea.

Wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Hii ilisitiri. Ilimsitiri hadi kwenye televisheni,
ikamjengea nyumba yenye bwawa la kuogelea.

Sikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyekuwa nazipakia.
Nikasema jambo la kijinga, kama vile, "Angalau wimbo umefika."
Akacheka, kicheko ambacho sikujua nikiweke wapi.
"Hebu fikiri," akasema. "Lonzo sasa ana miaka saba,
ana mapengo mawili, anachukia shule,
na hajui kwamba taifa zima linanyamaza,
mara kadhaa kila saa, kutoka Maine hadi California,
likimsubiri ameze biskuti."

Wiki hiyo nilipekua ghala la bosi,
kwenye rundo la zile za kuuzwa senti kumi kumi,
nikaipata, lebo imechanika, jina lake limekosewa herufi.
Haikuwa kwenye orodha hii wala ile.
Nikaipachika nafasi ya mwisho, chini kabisa,
nikaandika jina upya kwa kalamu ya wino.

Jumanne nikafungua tumbo la mashine.
Landis: mia moja tisini na nane.
Verlene: moja.

Nilimwangalia kupitia dirisha la sahani.
"Usinitazame hivyo," akasema. "Si mimi.
Siwezi kulipa senti tano nijisikilize nikilea mtoto."

Mpishi aligeuza yai lake,
taratibu mno,
na hakuinua macho.